Fender Blues Junior na pedali: inafaa, ila ujue inapokwama

Kwa bendi ya dansi au kwaya kwenye kumbi za Mtwara, Mikindani na Lindi, Blues Junior ni amplifaya ya valvu inayobebeka na yenye sauti tamu. Inakwama sehemu moja: haina lupu ya efekti, yaani soketi za kuingiza pedali katikati ya amplifaya. Pedali zote, vile visanduku vya kubadilisha sauti ya gitaa, zinapita mbele, kwenye soketi ya gitaa.

Ina wati 15 tu, valvu mbili za EL84 mwishoni na tatu za 12AX7 mwanzoni, hivyo inaanza kukwaruza mapema. Ikikwaruza, dilei (pedali inayorudia noti) iliyo mbele yake inakwaruzwa pia: marudio yanapandana na noti mpya, sebene inageuka uji. Dawa ni kuiacha amplifaya safi na ukali kuutoa kwenye pedali. Peleka Master hadi 10, Volume iishie 3 au 4 (nobu zake zinafika 12), swichi ya FAT, inayoongeza ukali, izime. Ukumbi ukiwa mkubwa usiongeze Volume. Weka maikrofoni mbele ya spika, upeleke kwenye mixa.

Anza na tyuna, kisha kompresa (inayosawazisha nguvu ya noti), ovadraivu (ya ukali), koras (inayonenepesha sauti), dilei. Pedali ya mwangwi iache dukani. Springi ya mwangwi iliyo ndani ya amplifaya inatosha. Ovadraivu ya Ibanez TS9 inapatana sana na amplifaya hii: Drive karibu na sifuri, Level juu kidogo ya sauti ya kawaida. Inapunguza besi na kusukuma sauti za kati, ndiyo maana solo inachomoza katikati ya ngoma. Level ikizidi, valvu zinakwaruza na tabu ya dilei inarudi palepale.

Adapta iwe ya volti 9 DC, hasi katikati. Mvumo ukianza baada ya kuchanganya pedali zote kwenye adapta moja, mtuhumiwa wa kwanza ni dilei ya kidijitali. Ipe adapta yake.

Amplifaya ya mtumba kutoka Marekani ni ya volti 120. Soma mgongoni kabla ya kuchomeka; kwenye 230 yetu fyuzi inakatika, bahati ikiwa mbaya transfoma inaungua. Stepidauni (transfoma ya kushusha volti) ya wati 300 inatosha.

Pwani hii chumvi inakula jeki. Waya ukitoa mikwaruzo unapoguswa, safisha soketi kwanza kabla ya kulaumu valvu. Spika isichomolewe amplifaya ikiwa imewashwa. EL84 zikichoka, badilisha zote mbili, tena jozi iliyopimwa pamoja.