Nimempeleka Babu makumbusho hapa Tanga, nyota 4 kati ya 5

Jina la sehemu sitaji maana nina malalamiko na sitaki vijana wa mlangoni wapate shida, walitupokea vizuri mno, shikamoo nyingi, wakamtafutia Babu na kiti.

Kilichotupeleka ni picha moja tu ya stesheni ya zamani iliyomo humo, mjomba aliirusha kwenye grupu la familia, Babu akaiangalia weee akakaa kimya halafu akasema nipelekeni. Kwahiyo makumbusho madogo kama haya wala hayahitaji mabango makubwa barabarani, mtu akiona kitu alichowahi kukishika anakuja mwenyewe.

Chumba cha kwanza ni vitu vya nyumbani, pasi ya mkaa, redio ya mbao, baiskeli ya zamani, watu wanapanga foleni kupiga selfi. Pazuri, ila kama umekulia mitaa ya Ngamiani hapahapa mjini vingi bado viko uvunguni kwa bibi yako.

Chumba cha mkonge ndo chenyewe jamani. Wameeleza vizuri jinsi Mjerumani alivyoagiza miche kutoka Florida mwaka 1893 ikapona 62 tu, na mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa hapahapa Tanga, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwanzoni mwa miaka ya 60 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, halafu kamba za nailoni zikaingia, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa 1967 na unaona kwenye picha majani yanavyomeza njia za trola, vile vibehewa vya kubebea mkonge.

Sasa kwenye kabati la kioo kuna kipande, yaani kadi ya kazi ya manamba, wale vibarua wa mkataba waliokuwa wanaletwa mashambani kutoka mbali. Karatasi ngumu imekuwa rangi ya chai, ina vijumba 30, ukimaliza kazi ya siku unawekewa alama, na mshahara hauuoni mpaka vijae vyote. Babu aliinama mpaka pumzi ikaweka ukungu kwenye kioo, akawa anahesabu kwa kidole vijumba vilivyobaki wazi, vilikuwa saba. Akasema, "Huyu aliumwa."

Basi hapo akafunguka, yeye aliletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua, kutoka Kigoma mwaka 1958 akiwa kijana mdogo, akaeleza walivyokuwa wanafunga majani 30 kwa fungu, miba inavyochoma, maji ya mkonge yanavyowasha mpaka usiku hulali, kelele za korona, ile mashine ya kuchakata majani kupata nyuzi, unazisikia ukiwa kambini. Dakika kumi haziishi watu wameacha redio kule wamekuja kumzunguka yeye, kuna dada mmoja analia kabisa, anasema baba yake alikuwa brashi, kule kiwandani nyuzi zinakosafishwa, na hakuwahi kumsimulia chochote.

Malalamiko yangu ndo hapo. Maelezo ya kile kipande ni mstari mmoja, kwa Kiingereza, herufi ndogo, Babu asingeweza kuyasoma. Na ukutani wenye mashamba wameandikwa majina yao kamili ila manamba waliosimama nyuma yao hakuna hata mmoja mwenye jina. Kingine, mimi nilienda pale na shule mwaka 2015, chumba cha mkonge kiko vilevile, kilichobadilika ni picha zimefifia kwa jua la dirishani. Chumba cha kwanza wamekipanga upya na ndo kinajaza watu, kwahiyo wanajua kabisa kwamba ukibadilisha watu wanarudi.

Kiukweli ningekuwa mimi ningewarekodi hawa wazee, simu tu inatosha, sauti ya mzee isikike pale penye kabati, baada ya miezi michache anawekwa mwingine. Waliokata mkonge enzi zile wamebaki wachache sana na kila mwaka tunazika.

Pazia la dirishani nalo muhimu, leo kabla ya kesho.

Babu anataka kurudi na mzee mwenzake wa barabara ya 12, walikaa kambi moja. Nawapeleka Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali.