TempleOS: Hekalu Lililojengwa kwa Msimbo

Wanaobishana iwapo sayansi na dini vinaweza kukaa chumba kimoja wangefanya vyema kuiwasha TempleOS kwa jioni moja. Mfumo huu wa kuendeshea kompyuta uliandikwa na Mmarekani Terry Davis, aliyeamini kuwa Mungu ndiye aliyemwagiza kuujenga uwe hekalu, na imani hiyo haikumpunguzia nidhamu ya kazi hata chembe. Una zaidi ya mistari 100,000 ya msimbo na lugha yake yenyewe, HolyC, ambayo kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, huitafsiri papo hapo. Hilo limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu dirisha la amri na lugha ya kuandikia programu ni kitu kimoja, na picha inaweza kupachikwa katikati ya msimbo.

Skrini ni ya pikseli 640 kwa 480 na rangi 16. Intaneti haimo, wala ulinzi wa kumbukumbu, yaani kizuizi kinachozuia programu moja isiharibu kumbukumbu ya nyingine, hivyo kosa dogo huweza kuangusha mfumo mzima. Kwa kazi za kila siku siupendekezi.

Ipo pia programu inayochomoa maneno kwa bahati nasibu, ambayo Davis aliyapokea kama kauli za Mungu. Mwanahisabati ataona namba nasibu, naye aliona sala ikijibiwa. Sioni haki ya kulicheka jambo hilo, hasa kwa kuwa aliishi na maradhi ya akili ya skizofrenia hadi alipofariki mwaka 2018. Mwanafunzi wa kompyuta aupakue mfumo huu, maana msimbo wote uko wazi bila hakimiliki, na aanze kwa kuisoma kompaila.