Mashine ya aiskrimu ya bakuli la kugandisha, nimeitumia kwa yogati msimu mzima wa joto

Jamani nimekaa na hii mashine miezi mitatu sasa ndo naona naweza kuiongelea vizuri. Ni ile aina ndogo, haina friji ndani yake, ina bakuli zito lenye kuta mbili na katikati kuna maji maji fulani yanayoganda, unaliweka bakuli kwenye friza kwanza afu ndo unakuja kukoroga. Niliinunua kwa sababu moja tu, kila joto likianza kwetu watu wanajaa, ndugu, majirani, watoto wa kila mtu, na mimi nilitaka kuwapa kitu baridi nilichokitengeneza mwenyewe nikijua kilichomo.

Mara ya kwanza iliniangusha na niliumia kweli. Kitabu chake kimeandika weka bakuli kwenye friza masaa 12, nikaweka masaa 12, wageni wamefika nikawasha, dakika 40 inazunguka tu na yogati bado uji uji. Nikadhani mashine mbovu, kumbe friza yangu inafunguliwa kila saa kwahiyo 12 haitoshi kabisa. Sasa hivi naacha masaa 24 kamili, na kabla sijalitoa nalitikisa karibu na sikio, ukisikia kitu kinacheza ndani hata kidogo rudisha, halijawa tayari. Likikaa kimya kama jiwe hapo sawa. Friza nayo iwe inafika -18, ikiwa ya uvuguvugu hii mashine usinunue, utailaumu bure.

La pili ambalo hawakuambii ni yogati yenyewe. Ukimwaga yogati ya kawaida ilivyo, ile maji maji yake inaganda ikawa chenga za barafu, ukila unasikia inachakarika kwenye meno. Mimi nachukua kilo 1.5 ya yogati yenye mafuta yake yote, sio ile ya kupunguzwa mafuta, namimina kwenye kitambaa safi juu ya chujio, naweka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi inabaki kama nusu, nzito, ukichomeka kijiko kinasimama. Hapo natia sukari gramu 150, chumvi ya kubana na vidole viwili, ndimu kidogo na vanila, nakoroga mpaka sukari iyeyuke yote afu narudisha kwenye friji ipoe tena kama masaa mawili, maana ukiimwaga ikiwa na joto la chumba unaliua ubaridi wa bakuli.

Sukari msipunguze sana tafadhali. Kuna siku nilipunguza nusu kwa ajili ya shangazi, kesho yake kijiko hakiingii, tumekaa tunaisubiri mezani. Sukari ndo inayoizuia isigande ngumu, sio utamu tu. Na tunda usilitie bichi, lina maji mengi, liponde ulichemshe na sukari kidogo likaze, likishapoa vizuri ndo uchanganye.

Kukoroga kwenyewe ni rahisi, ila washa mashine KWANZA ndo umimine, ukimimina kabla inaganda ukutani palepale na kile kimwiko cha plastiki kinakwama, mota inaanza kulia vibaya. Dakika 20 mpaka 25 inatosha, inatoka laini kama krimu, unaweza kula hapohapo na kwakweli hapo ndo tamu kuliko wakati wowote. Ukitaka ya kuchota, hamishia kwenye chombo kilichokaa friza, laza karatasi ya plastiki iguse juu kabisa isipate hewa, masaa matatu hivi. Ikikaa siku nzima itoe dakika 10 au 15 kabla ya kugawa. Na kutoa tumia mwiko wa mbao au wa mpira, bakuli likichubuka ndani ndo basi.

Kelele ipo, sio ya kutisha ila kuongea na mtu jikoni inabidi upaze sauti.

Kinachoniudhi ni kimoja, bakuli linaandikwa lita 1.5 lakini usijaze zaidi ya lita 1, inapanda ikiingia hewa, na ukishakoroga mara moja bakuli linarudi friza tena siku nzima. Yaani kwa mkusanyiko lazima uanze siku mbili kabla, unatengeneza ya kwanza unaificha, unagandisha bakuli upya, unatengeneza ya pili. Mashine naipa nyota nne kwa hilo tu, kwa ulaini wa yogati ningeipa zote. Bakuli la ziada linauzwa peke yake na nimeshaagiza, maana wakizidi watu nane lita 1 inaishia kwa watoto kabla wakubwa hawajashika kijiko.