Kipimo cha elfu 35 kilichoniokoa kununua turbo: uzoefu wangu

Nimekuwa na kidude hiki tangu msimu wa korosho uliopita, na kwa kuwa kila mwenye pikapu anayekiona ananiuliza kama kinafanya kazi kweli, naandika hapa. Ni kipimo cha OBD, yaani cha kusoma kompyuta ya injini ya gari, kidogo kama kiberiti. Kinachomekwa kwenye ile soketi ya matundu 16 chini ya usukani, kinaongea na simu kwa Bluetooth. Nilikinunua Mtwara mjini. Boksi limeandikwa ELM327 kama maboksi mengi ya aina hii, kwa hiyo msiniulize ni kampuni gani.

Pikapu yangu ni ya dizeli, ina turbo (ile inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), gia za mkono. Kazi yake ni magunia kati ya Mtwara, Tandahimba na Newala. Ugonjwa ulikuwa huu: ikiwa na mzigo, ukianza kupandisha, taa ya injini inawaka na nguvu inakatika. Unakanyaga mafuta mpaka chini, mshale wa mizunguko haupiti 2,500, na malori yanakupita yakikupigia honi. Ukizima na kuwasha tena, gari zima kabisa, mpaka mlima unaofuata. Hiyo ndiyo limpu modi. Kompyuta imeona kitu hakiendi sawa, inabana turbo na dizeli ili injini isijiharibu, lakini inakuachia nguvu ya kujikokota hadi kwa fundi.

Na kwa fundi ndiko gharama zinakoanza. Wa kwanza akasema, "Bosi, hapo turbo imekwisha, tafuta nyingine." Wa pili akataka tushushe pampu ya dizeli. Nikiuliza wamejuaje, jibu ni kwamba magari haya ndiyo ugonjwa wake.

Kipimo kilitoa namba P0299, yaani hewa ya turbo iko chini ya inayotakiwa. Soma vizuri: haisemi turbo imekufa. Inasema hewa iliyoombwa haikufika, na huko njiani kuna mipira, klipu, vipaipu vya vakyumu, filta ya hewa (na vumbi letu la kiangazi mnalijua), na vali inayoiendesha turbo. Kwa namba peke yake bado ungekuwa unabahatisha kama wao.

Kilichonishawishi ni usomaji wa moja kwa moja. Nilianza na sensa ya shinikizo la hewa. Swichi imewashwa, injini haijawaka, inatakiwa isome hewa ya kawaida tu. Mjini, pembeni ya bahari, ilisoma karibu kilopaskali 100; juu Newala ikasoma tisini na kitu, kama inavyotakiwa kwenye mwinuko. Sensa nzima, hiyo tukaiacha. Kisha tukapanda na mzigo, mimi usukani, kijana wangu ameshika simu anasoma kwa sauti: 120, 140, 150, halafu ikarudi nyuma wakati mguu wangu bado uko chini. Taa ikawaka. Turbo iliyokufa kwa kawaida haipandishi namna hiyo. Hapo hewa inatengenezwa, inavujia mahali.

Tulikagua mipira ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) mmoja mmoja. Kwenye kona ya chini, pembeni ya klipu, kulikuwa na tope jeusi la oili iliyochanganyika na vumbi. Nilipolifuta sikuona kitu. Nilipoukunja mpira kwa mikono miwili, ufa ukafunguka, mrefu kama ukucha wa kidole gumba. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, ufa unafumba, ndiyo maana pale gereji hakuna aliyesikia hewa ikivuja. Mpira mpya na klipu mbili, na mlima uleule ukatupa zaidi ya 200. Fundi wa turbo bado ananisalimia vizuri, ila turbo hataji tena.

Kasoro zipo. Kinasoma injini tu; mambo ya breki za ABS, na kwa magari mengi giaboksi ya otomatiki, hakiyaoni. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotoka Japani kinagoma kabisa. Ukikiacha kimechomekwa gari likilala siku kadhaa, kinanyonya betri. Na kinafuta namba kwa kugusa mara moja, jambo ambalo kwangu ni hatari kuliko faida: ukifuta, unapoteza pia ile picha ya mwendo, mizunguko na mzigo wa injini wakati kosa lilipotokea. Kuna vijana mjini wanalipwa kwa kufuta tu, taa inazima, mteja anaondoka anafurahi, na akifika mlimani gari linabana tena.

Nakipa nyota nne. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akichomeke kwenye gari lako palepale dukani, uone mizunguko ikipanda kwenye simu ukikanyaga mafuta. Mwenye iPhone aulizie cha Wi-Fi.