Chujio la maji kwenye moteri ya boti: nimelitumia Kituku, haya ndiyo niliyoyaona

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza watu wananiuliza hapa Kituku, bandari ya Goma kwenye Ziwa Kivu. Chujio hili la kutenganisha maji na esansi (petroli ya moteri) lilinigharimu karibu dola 50, pamoja na kartushi yake (kichujio cha ndani cha kubadilisha) na kishikizo cha chuma. Kwa pesa hiyo unanunua buji (plagi za moto) kadhaa na bado unabaki na ya kumlipa fundi, kwa hiyo simlaumu anayeona ni anasa. Mimi nalipenda, ila si kwa sababu iliyoandikwa kwenye boksi.

Boti yangu ni ya mbao, moteri ni ya farasi 40, ile ya mipigo miwili inayotaka esansi ichanganywe na oili. Inabeba ndizi, mananasi na mama wauzaji kati ya kisiwa cha Idjwi na Goma. Ugonjwa wake ulikuwa ule wa moteri nyingi za hapa: jioni inafika vizuri, asubuhi unavuta kamba hadi bega linauma, inakohoa kidogo, halafu kimya. Abiria wameshaketi na mizigo yao, na hakuna anayekuonea huruma.

Mafundi waliitibu kwa kubahatisha. Buji mpya, kisha koili mpya (hiyo koili bado inaniuma mfukoni). Inawaka leo, kesho inagoma. Hadi akaja mzee mmoja anayetengeneza moteri za wavuvi wa sambaza. Hakugusa buji. Aliuliza tu: "Papa, hii esansi unanunuaka wapi?" Nikamwambia kwa Kadhafi, yaani muuzaji wa esansi wa barabarani, kama kila mtu. Akalegeza skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta, akakingia chupa ya plastiki nyeupe, akainyanyua juani. "Ona huku chini." Matone yalikuwa yanatembea kwenye kitako cha chupa kama shanga.

Maji ni mazito kuliko esansi, lazima yakae chini, na jigleri, kile kitundu cha kabureta kinachopima esansi, inanyonya kutoka huko huko chini. Moteri ikikaa usiku kucha bila kutikiswa, maji yanapata muda wa kushuka, na asubuhi ndiyo ya kwanza kuvutwa. Wala si lazima muuzaji awe mwizi. Kibido (dumu) kikizibwa kwa sashe, yaani mfuko wa plastiki, badala ya kifuniko, mvua zetu za kuanzia Septemba hadi Mei zinajua pa kuingilia. Tanki likilala nusu, hewa iliyomo inapoa na kuacha umande ndani. Mzee akasafisha kabureta, akanishauri nitafute chujio.

Sasa chujio lenyewe. Kichwa chake ni cha aluminiamu, chini yake kuna kartushi, na chini ya kartushi kuna kikombe kinachopitisha mwanga chenye kikoki cha kumwagia maji. Lazima lisimame wima. Boti za mbao hazina mahali pa kulifunga, kwa hiyo nilipigilia ubao kwenye mbavu ya boti, juu ya tanki, pasipopigwa teke na abiria.

Siku ya kwanza lilinikasirisha. Tulibonyeza ile pampu ya mpira iliyo kwenye bomba la mafuta, haikutaka kuwa ngumu hata kidogo, na moteri haikuwaka. Kumbe chujio linaongeza maungio mawili, na kila ungio jipya ni mlango wa hewa. Kolie (pete za kubania mpira) zilizokuja ndani ya boksi zilikuwa pana kuliko mpira wetu. Tulipoweka nyingine ndogo, pampu ikakaza. Hata hivyo ujue kwamba kikombe kikiwa kitupu utabonyeza sana kabla esansi haijafika kwenye kabureta. Usianze kuvuta kamba mapema. Na kama pampu inanywea yenyewe na kubaki bapa, usilaumu chujio: angalia kwanza kama tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki limefunguliwa.

Je, linakamata maji? Linakamata. Msimu wa mvua nafungua kikoki kila asubuhi kabla ya abiria kupanda, na mara nyingi kuna kitu cha kumwaga. Nakimwagia kwenye kopo, si ziwani. Lakini faida kubwa niliyoipata ni kwamba kikombe kinanionyesha mahali ambapo sihitaji kutafuta. Moteri ikigoma na kikombe ni kisafi, maji nayaondoa kwenye orodha ya washukiwa hapo hapo. Naangalia gia iko katikati, kamba nyekundu ya usalama imeshika klipu yake, halafu nafungua buji. Buji kavu maana yake esansi haifiki. Buji iliyolowa maana yake esansi inafika lakini moto hakuna, au tumeizamisha kwa kuvuta choki kupita kiasi.

Hivyo ndivyo tulivyogundua tatizo la pili, ambalo chujio lisingelitibu hata lingegharimu dola 500. Buji zilikuwa nyeusi kwa masizi. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na moteri nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa hewa ya pwani. Huku hewa ni nyepesi, jigleri ile ile inaleta esansi nyingi kuliko hewa iliyopo, na buji zinachafuka. Nguvu nayo inapungua, kwa makadirio asilimia 3 kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo farasi zangu 40 huku ni kama 34. Mzee aliweka jigleri ndogo zaidi. Wauzaji wa moteri wangetuambia haya siku ya kununua, tungeokoa buji nyingi.

Jambo jingine ambalo chujio haliwezi: esansi iliyochanganywa na petroli ya taa (mafuta ya taa) inapita humo bila shida yoyote. Hiyo unaipima kwa karatasi, kabla hujatia oili. Dondosha tone, subiri likauke. Esansi safi haiachi alama. Petroli ya taa inaacha doa la mafuta. Ukipima baada ya kutia oili, doa litaonekana tu na utamgombeza Kadhafi wa watu bure.

Malalamiko yangu ni mawili. Kikombe ni cha plastiki, na jua la ziwani halina huruma, kwa hiyo nimekifunika kwa kipande cha turubai. Kubwa zaidi ni kartushi. Hapa Goma kuipata ni kazi, na kuna vijana wanaojitolea kukuoshea ile ya zamani kwa esansi. Usikubali, karatasi yake ikishachoka inapitisha uchafu wote uliokuwa umekamatwa. Kama utalinunua, chukua kartushi ya pili siku hiyo hiyo, kutoka duka lile lile, na ujaribu uzi wake kwenye kichwa cha chujio kabla hujatoka dukani.