Kompyuta ya Ex-UK au kujijengea ya gemu? Miezi minane baada ya kuamua

Nilikuwa na shilingi 50,000 na mdogo wangu aliyemaliza kidato cha nne, ambaye kutwa alikuwa akitazama video za watu wanaojenga kompyuta zenye taa za kila rangi. Mimi nilitaka mashine ya kutengenezea mabango na kadi za mwaliko, yeye alitaka gemu. Tukakubaliana: kompyuta moja, mchana yangu, usiku yake.

Jumamosi tukashuka Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, na orodha yake mkononi. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600G, mazabodi (bodi kuu), RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16, SSD (ya kuhifadhia mafaili), pawasaplai (ya kugawa umeme) na kasha. Duka la tatu ndilo lililotupa bei nafuu, 58,000, na hapo hatujataja kadi ya grafiki, inayochora picha za gemu. Prosesa hiyo ina grafiki yake ndani, kweli, lakini grafiki yenyewe hukopa RAM ya kompyuta. Ukiweka kijiti kimoja badala ya viwili ili kupunguza gharama, gemu zinakwamakwama. Mdogo wangu akasema tutaongeza kadi baadaye. Nikamuuliza baadaye ya nani.

Orofa ya juu kulikuwa na Ex-UK, kompyuta za mtumba kutoka ofisi za Uingereza, zimepangwa kama matofali. Nilichukua ile nyembamba ya kulala, prosesa ya Intel i5-8500 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, SSD GB 256, kwa 24,000. Zilikuwepo za kizazi cha sita na cha saba kwa bei ya kuvutia, nikazipita. Windows 11 rasmi haizikubali prosesa hizo za Intel, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji anaweza kukuwekea 11 kwa ujanja na ikawaka vizuri tu mbele yako. Shida utaijua ukiwa nyumbani.

Tukaongeza kadi ya grafiki ya GTX 1650 ya mtumba, ile fupi ya GB 4, kwa 16,000. Inaridhika na wati 75 inazozipata kwenye mazabodi, haihitaji waya wake wa umeme, na hilo ni muhimu kwa sababu pawasaplai za mashine hizi ni ndogo. Kijiti cha pili cha RAM 2,500. Zilizobaki zikaenda kwenye UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, maana mtaani kwetu stima hupotea bila hodi.

Usiku wa kwanza gemu ya Valorant ikagoma. Kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta, viwe vimewashwa, na vyote viwili huwashwa ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Nikaingia BIOS, nikaombwa nenosiri. La nani? La ofisi iliyoitumia huko Uingereza, ambayo hata stika yake ya mali ilikuwa bado imebandikwa ubavuni. Kuondoa betri ndogo ya mazabodi hakukusaidia. Mashine nyingi za ofisi hazisahau nenosiri kirahisi hivyo.

Nilirudi dukani Jumatatu. "Bosi, lakini si inawaka?" Ndiyo, inawaka. Nilikaa pale hadi saa nane mchana, nikijibiwa kwamba fundi yuko njiani, kisha nikabadilishiwa. Hii ya pili niliingia BIOS pale pale kaunta, nikaangalia na saa ambazo SSD imefanya kazi, watu wakipanga foleni nyuma yangu wakiguna. Waache wagune. Kibodi niliyopewa ina alama ya pauni juu ya 3, na @ imehamia kwingine. Nimeshazoea.

Kazi zangu inazifanya bila kulalamika. Gemu ya GTA V inateleza kwa picha ya 1080p (Full HD), mipangilio ya juu kiasi. Gemu nzito za miaka hii ndizo zinazobanwa na GB 4 za kadi, na feni hulia kama kikaushia nywele ifikapo saa nne usiku, mama akiwa ndio kwanza analala.

Kinachoniuma ni umbo. Mdogo wangu amepata kadi ya grafiki ya RX 580, yenye nguvu zaidi, kwa rafiki yake, bei ya kutupa. Lakini kadi hiyo inakula wati 185, inataka waya wake, na ni ndefu na pana kuliko kasha letu. Pawasaplai nayo si ya kubadilisha hivi hivi, kwani plagi zake ni za kampuni iliyotengeneza mashine. Kwa hiyo tulipofikia ndipo mwisho.

Bado ningechukua mtumba, ila ningechukua mnara, yaani kompyuta ya kusimama yenye kasha kubwa. Tulitajiwa mmoja wa umri ule ule kwa 27,000, nafasi tele ndani, nikaukataa kwa sababu meza yangu ni ndogo. Elfu tatu! Nimempigia muuzaji mara mbili mwezi huu, na kila mara ananiambia mnara wa mwisho umeondoka asubuhi.