Undercurrent ya Bill Evans na Jim Hall: piano na gitaa tu, na wala haipwayi

Angalizo kwanza. Kama unatafuta jazi ya kuweka sebuleni wageni wakiwa wanakula na stori zimepamba moto, hii siyo, itamezwa na kelele na utadhani redio imezimika. Hii ni albamu ya watu wawili tu, Bill Evans kwenye piano na Jim Hall kwenye gitaa la umeme, hakuna besi, hakuna drams, hakuna mwimbaji, waliirekodi New York mwaka 1962, siku moja ya Aprili na nyingine ya Mei, ikatoka chini ya lebo ya United Artists. Mi huwa naiweka usiku mtaa ukishatulia, na kwa piano na gitaa kiukweli sijasikia ya kuifikia, na nimesikiliza za kutosha.

Wanaopiga vyombo watanielewa haraka hapa. Piano na gitaa ni mafahali wawili. Vyote vinapiga melodi, vyote vinapiga kodi (za muziki jamani, yani noti kadhaa kwa pamoja, sio za TRA), na mbaya zaidi sauti zao zinakaa sehemu ileile ya katikati, kwahiyo mpiga piano akijaza mikono yote miwili na mpiga gitaa naye akajaza nyuzi zake sita, mnapata uji. Mmoja kaweka kodi ya hivi mwenzie kaiweka vingine kidogo, basi tayari zinakwaruzana. Ndo maana bendi nyingi za jazi zenye vyote viwili utakuta mmoja ameambiwa atulie kidogo au wanapokezana. Sasa hawa wawili wameondoa hadi besi ambayo ingewashikia chini, yani wamejitafutia kazi ngumu makusudi, alafu ukisikiliza unaona kama hakuna kazi yoyote iliyofanyika pale.

Ngoma ya kwanza ni My Funny Valentine, na hii peke yake inatosha kukufanya uitafute albamu. Wimbo wenyewe ni wa Rodgers na Hart, ulitoka kwenye tamthilia ya muziki ya Broadway mwaka 1937, na karibu kila mtu anaupiga polepole, wa kimahaba, wa taa kupunguzwa. Hawa wanauwasha mbio. Wanaingia moja kwa moja bila kubembeleza, melodi imekatwakatwa vipande, mmoja anaanza sentensi mwenzie anapenya katikati, na kama ulikuwa unasubiri ule mdundo wa polepole uliouzoea utashtuka kidogo. Mara ya kwanza unaweza kuhisi wanagombana. Sikiliza tena.

Alafu inakuja sehemu ambayo mi kila nikifika narudisha nyuma. Evans anapiga solo yake, na Hall badala ya kuweka kodi moja moja za kuchomekea kama wapiga gitaa wengi wa jazi wanavyofanya, anaanza kukwangua rithim, mapigo manne kila bari (kila kipimo cha mdundo), mfululizo, kwa sauti ndogo sana kiasi kwamba unasikia mkwaruzo wa nyuzi zenyewe kuliko sauti ya amplifaya. Ghafla una drams. Na kwa vile zile kodi zinatembea, una na besi pia, vyote kutoka kwenye gitaa moja la mtu ambaye wala hapandishi sauti. Na Evans akishasikia sakafu ipo anaachia mkono wa kulia unakimbia mistari mirefu bila wasiwasi wa kuanguka. Wapiga gitaa wa kanisani na wa bendi, nawaomba msikilize hiyo sehemu tu kama hamna muda wa albamu nzima, maana wengi wetu tukipewa nafasi ya kusindikiza tunafikiria solo yetu itaanza saa ngapi.

Zamu ya Hall ikifika, Evans naye anarudisha heshima. Anachomeka kodi fupi fupi, anaacha mapengo, kuna wakati anakaa kimya kabisa na gitaa linabaki linaongea lenyewe na huoni upungufu. Kitu cha kujiuliza ni hawa watu walijifunzia wapi kutojaza. Kwa Hall jibu mi naliona lipo wazi: kabla ya hapo alikuwa kwenye kikundi cha mwanajazi Jimmy Giuffre ambacho hakikuwa na drams, kwahiyo kushika mdundo bila mpiga drams kwake ilikuwa kazi ya kila siku. Evans ndo yuleyule wa albamu ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya 1959, na trio yake (kikundi cha watu watatu) na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye drams ndo iliyowazoesha watu kwamba besi nayo inaweza kuongea na piano badala ya kuisindikiza tu. LaFaro alikufa kwa ajali ya gari Julai 1961, siku chache tu baada ya ile trio kurekodi pale Village Vanguard, klabu ya jazi ya New York, na Evans akakaa miezi bila kupiga vizuri. Undercurrent imerekodiwa kabla mwaka haujatimia tangu msiba ule. Sitaki kuweka maneno kwenye mdomo wa marehemu Evans ila ukishajua hilo, ile nafasi tupu chini ya muziki unaisikia kivingine.

Nyingine nizipitie haraka. I Hear a Rhapsody wameipunguza mwendo ikawa laini, nzuri. Dream Gypsy ni tamu lakini ni ya kuelea elea, kama una usingizi utalala. Romain ni utunzi wa Hall mwenyewe. Skating in Central Park ni ya mpiga piano John Lewis, aliitunga kwa ajili ya filamu ya Odds Against Tomorrow ya 1959, na kumbe Evans na Hall wote walipiga kwenye muziki wa filamu hiyo, kwahiyo hawakukutana studio kama wageni. Ni walsi, moja mbili tatu, moja mbili tatu, nyepesi mno, na ndo ngoma ambayo hata mtu asiyependa jazi nikimwekea haniambii nizime. Darn That Dream inafunga upande wa pili wa santuri, polepole kabisa, hapo wanajibizana kama hawana haraka ya kwenda popote.

Sasa malalamiko yangu. La kwanza ni urefu, LP (santuri) yenyewe ina ngoma 6, kama nusu saa hivi, ukishaanza kunoga imeisha. La pili, kwa anayetaka standadi tupu, yani zile nyimbo za zamani za Broadway na filamu ambazo wanajazi wamezigeuza zao, kwenye hizo 6 standadi haswa ni 3 tu. CD ya Blue Note inaokoa hapo maana ina ngoma 10, wameongeza Stairway to the Stars na I'm Getting Sentimental Over You pamoja na teki za pili, yani rekodi nyingine za wimbo uleule, za My Funny Valentine na Romain. Ukiwa unasikiliza kwenye app angalia kabla hujabonyeza, ukiona 6 ujue ni ile ya awali, ukiona 10 ndo yenyewe. Teki za pili sio lazima sana ila ile ya Valentine inakuonyesha kwamba hawakuwa wamekariri, wanapita njia nyingine kabisa.

La tatu sio kosa la albamu, ni la vifaa vyetu. Usisikilizie kwenye spika ya simu. Zile rithim za kukwangua za Hall zipo chini sana na spika ya simu inazifuta, unabaki unasikia piano tu na unajiuliza huyu mwingine analipwa kwa kazi gani. Weka hedifoni hata za bei ndogo, au spika ya maana kidogo, na usipandishe besi kwenye mpangilio maana inalowesha kila kitu. Pia kuna hizi spika za bluetooth zinazotangazwa kwa kishindo chake, niliwahi kujaribu albamu hii kwenye moja ya hizo (jina nalihifadhi), piano ya Evans ikatoka inanguruma kama jenereta.

Kava nalo siwezi kuliruka. Picha nyeusi na nyeupe ya mwanamke mwenye gauni jeupe anaelea chini tu ya uso wa maji, ilipigwa na Toni Frissell mwaka 1947 kwenye chemchemi ya Weeki Wachee kule Florida. LP ya mwanzo haikuandikwa jina la albamu wala la wanamuziki hapo mbele, ni picha tu, kitu ambacho leo meneja yeyote wa msanii angekataa. Ukibahatika kukutana na santuri kwa wauza vitu vya zamani, kava peke yake linalipa, ila ipeleke kwenye mwanga uitazame kwanza, muziki wa kimya hivi mchubuko mmoja tu kwenye santuri unausikia kuliko gitaa.

Kwa nyota naipa 4 na nusu kati ya 5, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya Dream Gypsy na ufupi.

Ukiipenda, hawa wawili walirudi studio mwaka 1966 wakatoa Intermodulation kwa lebo ya Verve. Ina I've Got You Under My Skin ya Cole Porter, ina Turn Out the Stars ambayo Evans aliitunga baada ya kufiwa na baba yake, na wengi wanaiona ni ndogo kwa Undercurrent. Nakubaliana nao kwa ujumla, ila All Across the City ya Hall iliyomo humo ni nzuri kuliko ngoma yoyote ya polepole kwenye hii ya kwanza, na hapo niko tayari kubishana na yeyote. Kwa wanaotaka sauti za karibuni zaidi, Fred Hersch (piano) na Bill Frisell (gitaa) walitoa Songs We Know mwaka 1998, humo standadi zimejaa, na Frisell anapiga kama mtu anayewaza kwa sauti. Ya Pat Metheny (gitaa) na Brad Mehldau (piano) ya 2006 nayo watu wanaisifia sana, wapigaji hatari wote wawili, ila nyingi ni tungo zao wenyewe na kuna sehemu wameita besi na drams, kwahiyo haipo kwenye mashindano haya.